Bibi Aliponiambia Twende Tukafanye Vermut

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja mbele ya Waswahili wenzangu tunaoishi Barcelona na miji ya jirani. Niliombwa nizungumzie jambo moja la wenyeji wetu wa hapa. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mashangazi, kaka na dada zangu, na nyie watoto mnaokimbizana huko nyuma: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo. Ndugu zetu wa Kongo, jambo yenu.

Mwenyekiti aliponipigia simu kuniuliza nitasema nini, nikamwambia vermut, ule mvinyo ambao wenyeji wetu hunywa kabla ya chakula cha mchana. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Dada, si wewe hunywi?" Kweli sinywi. Mimi ni mtoto wa Tanga, wa Ngamiani, nimechapwa fimbo za madrasa kama wengi wenu, na tone la pombe halijapata kupita kooni mwangu. Lakini kwa miaka tisa nilikwenda kufanya vermut karibu kila Jumapili. Wapo watakaosema kwamba hata kukaa kwenye meza yenye kinywaji hicho ni kosa. Hao nawaheshimu, na sikuja kutoa fatwa. Nimekuja kuwapa habari ya muda wa saa moja na nusu hivi, kati ya saa sita na saa nane mchana.

Nilikuja mji huu kumtunza bibi mmoja wa mtaa wa Gràcia. Alikuwa na miaka 82, mjane, miguu imechoka ila ulimi mzima. Wajukuu wake walimwita iaia, yaani bibi, nami baada ya mwezi nikamwita hivyo hivyo. Jumapili yangu ya kwanza alirudi kutoka kanisani, hakuvua hata koti, akaniambia kwa Kikatalani: "Anem a fer el vermut." Kikatalani changu wakati ule kilikuwa cha sokoni: mkate, maji, bei gani. Neno "fer" nililijua, ni kufanya, kutengeneza. Nikaelewa kwamba leo tunatengeneza kitu. Nikaenda jikoni nikavaa aproni, nikakunja mikono ya blauzi, nikarudi kusimama mbele yake kama askari. Bibi alicheka mpaka akatafuta kiti.

Sisi tunasema kupiga soga, na hakuna anayepigwa. Wao wanasema kufanya vermut, na hakuna kinachopikwa. Hata kunywa vermut si lazima. Mtu anaagiza bia, mwingine soda, mtoto anapewa juisi, na wote ukiwauliza walikuwa wapi watajibu kwamba walikwenda kufanya vermut. Jambo hili lilinichukua muda kulielewa, kwamba jina la kinywaji limekuwa jina la saa, na saa ndiyo inayotafutwa.

Mnajua chakula cha mchana hapa huliwa saa nane, na Jumapili hata saa tisa. Chai ya asubuhi ilishapita zamani. Kuna pengo hapo katikati, tumbo linaanza kunong'ona, na kama ni Jumapili hakuna kazi wala shule. Basi watu wanateremka. Neno lao lingine ni aperitiu, linalotokana na kufungua: kufungua hamu ya kula. Kwa hiyo unakula kidogo ili upate njaa. Mama yangu Tanga nilipomweleza kwenye simu aliniuliza kama hao watu hawana kazi. Kwetu mtoto akigusa kachori kabla ya wali anaambiwa anaharibu tumbo.

Ngoja niwapeleke kwenye bodega ya Bibi. Si mgahawa, si baa hasa. Ni duka la mvinyo la mtaani: mapipa makubwa meusi ukutani mpaka darini, kila pipa na bomba lake, na watu wa mtaa wanakuja na chupa zao tupu kujaziwa kwa lita. Mbele kuna meza tatu nne za marmaru, na pipa moja lililosimamishwa likawa meza. Glasi ni fupi na nene. Ndani yake kipande cha barafu, kipande cha chungwa, zaituni moja iliyochomwa kijiti. Kando inawekwa sifó, ile chupa nzito ya kioo yenye kichwa cha chuma; ukibonyeza kinatoka maji yenye gesi kwa kishindo. Bibi alikuwa na mikono inayotetemeka, lakini sifó hakuniachia hata siku moja. Alisema anayekubonyezea sifó anakuharibia.

Mimi niliagiziwa mosto, maji ya zabibu yasiyochachuliwa, kwenye glasi ile ile, na barafu lile lile, na chungwa na zaituni yake. Kwa mbali huwezi kujua nani anakunywa nini. Mwenye bodega hakuniuliza kwa nini, wala siku hiyo wala baadaye. Wiki ya tatu aliiweka mezani kabla sijaketi.

Ila harufu ya glasi ya Bibi ilinifikia, na ndiyo iliyonishtua. Ilikuwa harufu ya jikoni kwetu siku ya Idi! Mdalasini, karafuu, kungumanga, iliki, ganda la chungwa, na chini yake kitu kichungu nisichokijua. Nilikaa pale katikati ya Wakatalani nikikumbuka pilau. Baadaye nikauliza na kusoma nikajua sikuota. Vermut ni mvinyo uliotiwa viungo na mimea, ukaongezwa pombe na sukari. Hata ule mwekundu, mara nyingi umeanza kama mvinyo mweupe, na rangi yake imetokana na sukari iliyounguzwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataka angalau asilimia 75 iwe mvinyo, kilevi kisipungue asilimia 14.5 wala kisifike 22, na lazima uwemo mmea wa jamii moja iliyotoa jina lenyewe. Wajerumani huuita Wermut. Sisi mmea huo tunaujua kwa jina: ni pakanga. Ndugu zangu Wakristo wanaikumbuka ile nyota katika Ufunuo iliyoanguka juu ya mito, maji yakawa machungu. Nyota hiyo iliitwa Pakanga. Na pakanga ana ndugu yake, artemisia ya dawa, anayelimwa Tanzania, Kenya na Uganda, ndiye anayetoa kiini cha dawa mseto ya malaria. Kwa hiyo mtu asiniambie vermut ni mambo ya mbali. Ile familia ya majani tumeshaimeza sana, tena na maji ya bomba.

Historia nitaipitia kwa haraka, maana naona pilau yetu inakaribia. Kinywaji kilipata umaarufu Torino, Italia, ambako Antonio Benedetto Carpano anatajwa kuwa alianza kukiuza mwaka 1786. Waitaliano wakakileta huku katika karne ya 19. Watengenezaji wa vermut wa hapa, Perucchi, walianza mwaka 1876, na Yzaguirre mwaka 1884. Mji wa vermut hapa Catalonia ni Reus, kule kusini karibu na Tarragona, na sababu yake ni ya kibiashara. Reus ulikuwa tayari soko kubwa la pombe kali tangu karne ya 18, kiasi kwamba bei zilitajwa kwa kupanga majina matatu: Reus, Paris, London. Mpaka leo mtu wa Reus atakutajia hayo matatu kwa mpangilio huo huo, mji wake kwanza. Mvinyo ulikuwapo, pombe ilikuwapo, mapipa na wanunuzi walikuwapo. Kilichobaki ni majani. Mwaka 2014 walifungua makumbusho ya vermut, na mimi nimewahi kwenda kuangalia chupa na mabango ya zamani bila kunywa chochote, kama anayetembelea makaburi ya watu asiowajua.

Hapa Barcelona, Flaminio Mezzalama, Mwitaliano aliyekuwa wakala wa kampuni ya vermut ya Martini & Rossi, alifungua mkahawa wa Café Torino pale Passeig de Gràcia mwaka 1902. Wasanifu wakubwa walishiriki kuupamba, akiwemo Gaudí, ambaye ni mtoto wa upande wa Reus. Ulifungwa 1911. Matajiri walijifunza vermut mahali kama pale, lakini aliyeiweka hai ni mtu wa kawaida na bodega ya kona yake.

Sasa mezani. Hapa nitakaa, mtanisamehe.

Kwanza zaituni, na zilizo bora kwangu ni zile zilizojazwa samaki ndani. Halafu krispi za viazi. Msicheke. Krispi hapa si kitu cha kumnyamazishia mtoto. Zinamwagwa kwenye sahani na kunyunyiziwa mchuzi mwekundu wa siki, paprika na pilipili. Ulio mashuhuri unaitwa Espinaler, umetoka kwenye baa moja ya Vilassar de Mar, mji wa pwani karibu na hapa, iliyoanza mwaka 1896. Ule mchuzi ukikupata vidoleni hutaki kunawa. Kwetu ningeufananisha na chachandu ya mihogo ya kukaanga, ila huu ni mwepesi zaidi.

Kisha samaki. Anxova ya L'Escala, mji wa pwani wa hapa Catalonia, ni ndugu wa damu wa dagaa mchele wetu. Sisi tunamchemsha kwa chumvi na kumwanika juani. Wao wanamlaza kwenye chumvi miezi kadhaa mpaka awe wa kahawia na laini kama siagi. Samaki yule yule wakimtia kwenye siki anatoka mweupe, anaitwa seitó. Mjadala wa yupi bora umevunja mazungumzo mengi mbele ya macho yangu. Mimi ni wa seitó. Bibi alikuwa wa anxova, na alinisikitikia waziwazi.

Halafu vikopo. Hapo ndipo nilipokosea vibaya. Mara ya kwanza nilipomwona mwenye bodega anamfungulia mteja kopo na kulimwaga kwenye sahani, nilimwonea mteja huruma. Mgeni wako unampa kitu cha kopo? Tanga utasemwa mpaka Pongwe! Nikaja kuona bei. Kuna kombe wadogo, wao wanawaita escopinyes, wengi wanatoka Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, wamepangwa ndani ya kikopo mmoja mmoja kwa mkono kama shanga. Juu ya kopo imeandikwa idadi yao, na idadi ikiwa ndogo, kombe ni wakubwa na bei inapanda. Kuna kopo la escopinyes ambalo ukilinunua utapita kwa muuza nyama bila kumsalimia. Kuna kome waliotiwa siki na paprika. Pale mtaa wa Poble-sec kuna bodega ya Quimet & Quimet, imeanza mwaka 1914, ni chumba kimoja chembamba, huna pa kukaa, na sehemu kubwa ya wanachokupa imetoka kopeni. Watu wanasimama wakijibana kama kwenye daladala la Mbagala, wamefurahi.

Na kule mtaa wa Barceloneta nimekutana na mtu wa nyumbani. Baa ya La Cova Fumada, tangu 1944, mlangoni haina hata kibao. Wanauza kitu kinaitwa bomba. Ni kiazi kilichopondwa, katikati nyama, kimeviringwa, kikapakwa unga wa mkate, kikatumbukizwa kwenye mafuta ya moto, juu kitunguu saumu na pilipili. Dada zangu wa Mombasa, kitu hicho kinaitwaje? Katlesi! Ahsanteni. Ila ulizeni nyama ya nini kabla hamjauma. Fuet, ile soseji nyembamba ya kukauka, hiyo msiulize, ni nguruwe. Mimi nilikuwa nikiisogeza upande wa Bibi, naye akinisogezea zaituni, hesabu ikaenda sawa.

Kuna jambo Bibi alinisimulia. Utotoni mwake, miaka ya 1940, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mkate ulikuwa wa kugawiwa kwa kadi. Nyumbani walikuwa sita. Jumapili baba yake alimtuma bodega na chupa tupu, wamjazie robo lita kutoka kwenye pipa, na kuleta sifó. Chupa ya sifó ilikuwa kubwa kuliko mkono wake, aliikumbatia kama mtoto. Na vitafunio? Zaituni sita. Watu sita, zaituni sita. Mama yake alizipanga kwenye sahani ile nzuri, wakaketi, wakala moja moja polepole, watoto wakapewa maji ya sifó yenye tone la vermut la kutia rangi tu. Baadaye wakala supu waliyokuwa nayo. Bibi alisema hakumbuki supu hizo hata moja, lakini zaituni anazikumbuka.

Ndugu zangu, mimi kisa hicho kilinikaa. Kwa sababu sisi tunajua karamu. Hakuna wa kutufundisha sinia. Lakini tazameni tunavyoishi hapa. Huyu anasafisha hoteli mpaka usiku, yule anaendesha mzigo, mwingine analala kwa mzee anayemtunza. Tunasema tutakutana nikipata nafasi ya kupika. Nafasi haipatikani. Mgeni akija lazima apikiwe, na ukipika wali bila kuku umejiaibisha, kwa hiyo tunaona heri mgeni asije. Nina rafiki anakaa vituo vinne vya metro kutoka kwangu, tumetoka mtaa mmoja Tanga, tukapitisha miezi minane bila kuonana kwa sababu kila mmoja alikuwa anasubiri kumwandalia mwenzake vizuri. Heshima yetu imetufungia milango.

Wenyeji wetu hawa wana karamu zao pia, msidhani. Jumapili hiyo hiyo wanakula kanelone, zile tambi za kuviringwa zenye nyama ndani, wanakula wali wa samaki, wanapanga foleni kununua kuku wa kuzungushwa motoni. Ila chakula kile ni cha familia. Vermut ni ya yeyote: jirani, mtu wa kazini, shemeji ambaye humpendi sana. Humwaliki nyumbani, hupiki, hufui vitambaa vya meza. Na la muhimu kuliko yote, ina mwisho. Saa nane inakaribia, mtu anasema kuku wangu atapoa, anaondoka, na hakuna aliyeudhika. Kwetu kuaga ni kazi, unaaga mara tatu, mlangoni, getini, barabarani. Pale chakula cha nyumbani ndicho kinachokuagia.

Sasa nilalamike kidogo kwa niaba ya Bibi. Vermut ilikaribia kupotea. Bia iliichukua nafasi, vijana wakaiona ni ya vikongwe, bodega nyingi zikafungwa. Kisha kuanzia miaka ya 2010 hivi ikarudi kwa kishindo, na sasa kila kona ina mahali papya palipotengenezwa paonekane pa kale. Nafurahi vijana wamerudi. Lakini nimeona vermut inauzwa saa moja usiku, na sahani ya vitafunio inayowatosha wafungao Ramadhani. Bibi alipita nje ya mahali kama hapo, akasoma bei kwenye ubao, akasoma tena, akaniuliza kama miwani yake ni mibovu.

Mwaka 2020, Machi, tulipofungiwa ndani, bodega ilifungwa pia. Jumapili ya kwanza ikafika saa sita na nusu na Bibi ameketi na koti lake, ndani ya nyumba. Sikujua la kufanya. Nikavaa aproni. Nikamwambia leo ndiyo siku, leo tunaitengeneza kweli. Nikafungua kopo la kome, nikamwaga krispi, nikapata zaituni mbili kwenye chupa, tukatoka kwenye roshani. Roshani ya pili yake kulikuwa na mzee mmoja na glasi yake, ng'ambo mama na watoto wawili na bakuli. Hakuna aliyepanga. Walinyanyua glasi, wakaanza kupiga kelele za kuulizana hali toka roshani hadi roshani, kama akina mama wa Ngamiani asubuhi wanapofagia. Saa nane wakaingia ndani mmoja mmoja kula.

Bibi alituacha miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 91. Ile chupa ya sifó niliomba, wajukuu wakanipa.

Basi, mwenyekiti, nina tangazo. Jumapili ijayo, saa sita na nusu mchana, nitakuwa kwenye benchi la uwanja ule mdogo nyuma ya nyumba yangu. Wengi wenu mnapajua, asiyejua aniulize. Nitaleta krispi mifuko miwili, zaituni, makopo mawili ya kome, na mosto. Pombe mezani kwangu hakuna, wale niliowataja mwanzo wasiwe na shaka. Sipiki. Narudia, shangazi, naona unanitazama: sipiki, na wewe usije na sufuria. Sifó nitaleta, ila kila mtu atajibonyezea mwenyewe. Anayechelewa atakuta vijiti. Na ikikaribia saa nane nitawaaga mara moja tu, maana nitakuwa nimeacha wali jikoni.

Ahsanteni sana.